Ndiyo ya Unaisi

Siku za kliniki Unaisi na mumewe hawakusemezana mpaka wafike kituoni. Unaisi aliegemeza magongo ya mumewe ukutani, akapitisha mkono chini ya kwapa la Apenisa, akamwinua kwa mkupuo mmoja kama mtu anayeinua gunia alilokwisha kulizoea. Hakusema pole, na Apenisa hakusema asante. Alimvalisha kiatu kile kimoja, akakagua bandeji ya mguu uliobaki, akazima jiko chini ya sufuria ya mhogo, wakatoka.

Watu wa Vatudamu, mtaa wa nyumba za mbao na mabati kwenye vilima vya nje ya Suva huko Fiji, walimsifu sana. Walisema Unaisi ni mwanamke wa chuma. Chuma gani? Alikuwa amekufa ganzi, basi. Siku daktari alipomwambia kuwa mguu wa kulia wa mumewe utakatwa chini ya goti, aliitikia, akauliza alete nguo gani, akatoka nje kununua machungwa. Alikingoja kilio. Hakikuja siku ile, wala siku walipouzika mguu wenyewe kwenye makaburi ya ukoo, umefungwa vizuri kwenye mkeka. Siku hiyo Waisale, mwenyekiti wa mtaa, ambaye watu wa kwao na watu wa kisiwa cha Apenisa ni watani tangu enzi, alisimama kando ya kile kishimo akasema kuwa Apenisa ni mjanja, ametanguliza mguu kwenda kumshikia nafasi. Waombolezaji walicheka mpaka wakashikana mabega, naye Apenisa, akiwa kwenye kiti cha kusukumwa, alicheka kuliko wote. Unaisi alitabasamu kwa sababu wenzake walitabasamu. Ndani hakukuwa na kitu.

Apenisa alikuwa dereva wa basi, tena wa laini ya Mlimani, ile inayotoka Vatudamu, ikapita stendi ya sokoni, kisha ikapanda hadi kwenye geti la hospitali kuu. Aliiendesha kwa miaka mingi, muziki juu, mkono nje ya dirisha, akisalimiana na nusu ya mji. Alikaa kwenye kile kiti kutwa, akinywa soda na chai ya sukari nyingi, mpaka kisukari kikamkuta hapo hapo. Kiatu kilimchubua kidole asijue, maana mguu ulikuwa hausikii tena. Halafu kikaja kimbunga, barabara ya kutoka Vatudamu ikafunikwa na maporomoko ya udongo, basi lisipite kwa muda mrefu. Udongo ulipoondolewa na basi kurudi, kile kidonda kilikuwa kinanuka.

Kwa hiyo basi la Mlimani halikuwa kwao jambo la starehe. Mguu wa kushoto nao ulikuwa na kidonda, chini ya kisigino, na kidonda kile kilipaswa kusafishwa na kufungwa hospitali mara kadhaa kwa wiki bila kukosa. Sista Losena wa kliniki ya miguu aliwaambia waziwazi. Siku ile alikuwa amepiga magoti mbele ya Apenisa, anamgusagusa vidole kwa ncha ya sindano.

"Hapa husikii, baba?"

"Ndiyo."

"Na hapa husikii?"

"Ndiyo, Sista. Ungekuwa unanitoboa tairi ningesikia zaidi."

Losena alicheka, akaandika kuwa mgonjwa hasikii, akamgeukia Unaisi. Alimwambia kuwa mguu huu unashikiliwa na bandeji, na bandeji inashikiliwa na wao kuja. Wakianza kurukaruka siku, watarudi kule kule. Unaisi aliitikia. Aliyasikia maneno yote, yakakaa mahali fulani ndani yake kama barua iliyosukumwa chini ya mlango wa nyumba isiyo na mtu.

Haukupita muda mrefu, ikaja habari ya kunyoosha njia za mabasi.

Ofisi ya usafiri ilikuwa imeajiri washauri kutoka Australia, nao wakachora ramani mpya. Mabasi yote ya vitongoji yangeishia stendi ya sokoni. Anayekwenda hospitali angeshuka hapo, avuke stendi nzima hadi upande wa pili, apande basi dogo la kwenda mlimani. Foleni ingepungua na mafuta yangeokolewa. Kwenye ramani ilikuwa mistari safi yenye rangi za kupendeza, na kwenye ramani mvua hainyeshi. Wala hakuna mama aliyebeba mtoto mwenye homa akitafuta pa kujibanza kati ya mabasi yanayorudi nyuma, wala mtu wa magongo kwenye lami iliyomwagika dizeli. Waliochora hawakuwa watu wabaya. Walikuwa watu ambao kwao basi ni kitu cha kutazama kupitia kioo cha gari, na mtu wa namna hiyo hufanya ubaya mwingi bila kukunja hata uso.

Ili isionekane kuwa wananchi hawakuulizwa, waliletwa kuulizwa. Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa pale Vatudamu. Mshauri aliyekuja aliitwa Bwana Hallam, mrefu, mwekundu wa jua, mpole. Alikuwa amefundishwa adabu: alikuja na kifungu cha mizizi ya kava, inayopondwa kuwa kinywaji cha kupokelea wageni, akamkabidhi Waisale, watu wakapiga makofi mazito ya kupokea. Alikunywa kifuu chake chote, ulimi ukamfa ganzi, akauuma alipojaribu kushukuru. Watu walimpenda. Akaweka simu yake mezani inase mazungumzo, akaomba ruhusa kwanza, akapewa.

Mjadala ulikuwa mkali, tena si wa upande mmoja. Semisi, fundi wa gereji mjini, alisimama na kusema wazi kuwa yeye anaunga mkono. Basi linapanda mlima mzima kushusha watu wachache na kushuka tena, naye kila siku anafika kazini amechelewa na bosi anamtazama kama mwizi. Basi likiishia sokoni atawahi. Vijana kadhaa wa viwandani walimpigia makofi. Akasimama Sashi, mjane wa Kihindi, jirani wa Unaisi, mwanamke mwembamba mwenye ulimi wa pilipili, aliyekuwa akipanda mlimani kila mara kwa ajili ya macho yake. Alimuuliza Semisi kama akivunjika mkono kwenye hiyo gereji yake atapelekwa na baiskeli. Semisi akajibu kuwa atabebwa na Sashi mgongoni. Ukumbi ukacheka, kelele zikapanda, wazee wakaanza kusema wote kwa pamoja.

Waisale akanyamazisha watu. Akasema wanapiga kelele bure wakati mwenye habari yuko pale kimya, akamnyooshea mkono Unaisi. Huyu, alisema, ndiye anayepanda Mlimani kuliko mtu yeyote mtaani, tena na mume wa mguu mmoja. Aulizwe yeye.

Unaisi alisimama. Apenisa hakuwepo, hakupenda kuonwa na watu wengi akiwa na magongo. Bwana Hallam alimgeukia, akainama kidogo kwa heshima, akamuuliza polepole kwa Kiingereza chepesi, lugha ambayo pale ukumbini Wafiji na Wahindi wote waliielewa.

"Mama, kubadilisha basi pale stendi, wewe na mume wako, hamtaweza?"

"Ndiyo," alisema Unaisi, akakaa.

Sashi alimpapasa goti. Wanawake wa kwaya walitikisa vichwa kwa huruma, na hata Semisi aliangalia chini. Mtu akisema jambo zito kwa neno moja, linakuwa zito zaidi. Bwana Hallam naye alitikisa kichwa, akamshukuru, na usoni mwake kulionekana nafuu ambayo hakuna aliyeielewa siku ile. Baada ya hapo aliwauliza wazee wengine kwa mtindo ule ule, hamtaweza hivi, hamtaki vile, nao wakajibu kwa sauti moja: ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wakaachana vizuri. Walimfungashia mhogo wa kuchoma.

Redio ndiyo iliyowaambia. Sashi alikuwa anasukuma chapati za asubuhi aliposikia kuwa mpango wa njia mpya umekwenda mbele, na kwamba katika vitongoji vilivyoulizwa wakazi wengi wameukubali, wakiwemo wagonjwa na wanaowauguza. Kwamba huko Vatudamu hata mke wa mgonjwa aliyekatwa mguu amesema kubadilisha basi kwake si tatizo. Sashi aliacha chapati ikiungua, akatoka na unga mikononi mpaka uani kwa Unaisi.

Unaisi alikuwa anaanika bandeji zilizofuliwa. Alisikiliza yote, akabana kibanio cha mwisho.

"Dada, mbona husemi kitu? Wamekusingizia wewe!"

"Nimesikia."

"Umesikia! Mtu kakutia uongo mdomoni mbele ya nchi nzima, wewe umesikia."

Unaisi alijaribu kutafuta hasira. Alijua ilipopaswa kuwa, kama mtu anayejua droo ya visu, akaifungua, ikawa tupu. Alichofikiria ni stendi: upana wake, ngazi za lile basi dogo, na kama Apenisa atafika upande wa pili kabla halijajaa. Alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kuvuka. Hili lilimuuma Sashi kuliko redio. Jirani yake alizoea kuitikia kila kitu, kimbunga, daktari, kaburi la mguu, mpaka sasa hata uonevu unapomkuta anaupisha njia. Na nchi hujengwa hivyo, juu ya migongo ya watu wasemao haya. Sashi alirudi kwake, akanawa unga, akaenda moja kwa moja kwa Waisale.

Waisale hakuhitaji kuchochewa. Aliipigia simu ofisi ya usafiri mpaka wakachoka na sauti yake, na mwishowe Bwana Hallam akakubali kurudi. Safari hii hakukuwa na kava. Ukumbi ulijaa mapema. Wazee waliokuja mara ya kwanza kwa mashati ya maua walikuja kwa nguo za shambani, kusudi, ili aone kuwa hakualikwa kwenye sherehe. Waisale alisimama bila salamu ndefu.

"Bwana, sisi ni watu wa kanisa, kwa hiyo nitasema kwa upole. Wewe ni mwongo."

Hallam alizidi kuwa mwekundu. Hakujitetea kwa maneno. Alitoa simu yake, akaiweka mezani, akasema kila kitu kimo humu, wasikilize wenyewe. Akabonyeza. Ikasikika sauti yake: mama, kubadilisha basi pale stendi, wewe na mume wako, hamtaweza? Ikasikika sauti ya Unaisi, kavu kama jani: ndiyo.

"Mmesikia?" alisema Hallam.

"Tumesikia!" ukumbi mzima ulimjibu.

"Amesema ndiyo."

"Si ndiyo hiyo hiyo!" Sashi alisimama. "Umemuuliza hamtaweza, kasema ndiyo, hawataweza. Unataka akuimbie?"

Hallam alimtazama Sashi, akaitazama simu, akamtazama Unaisi. Ilionekana wazi kuwa alikuwa anageuza kitu kichwani na kitu hicho kinagoma kugeuka. Akasema taratibu kuwa kwao mtu akiulizwa hivyo akajibu ndiyo, maana yake ndiyo, nitaweza. Asiyeweza husema hapana.

Watu walitazamana. Mzee mmoja wa nyuma aliuliza sasa mtu asiyeweza atasemaje hapana, wakati ameulizwa kama hawezi na ni kweli hawezi? Atamkatalia muulizaji jambo la kweli? Waisale, ambaye utani ulikuwa haumwishi hata akiwa amekasirika, alimsogelea Hallam.

"Bwana, leo hujanywa chai?"

"Hapana," alisema Hallam.

"Hapana! Basi ameshakunywa. Akina mama, rudisheni birika."

Kicheko kilipasuka, kirefu, cha watu waliokuja kupigana wakajikuta hawana wa kumpiga. Hallam alicheka kidogo, kisha akaacha. Alikaa kwenye kiti, akaisikiliza simu tena peke yake, ameiweka sikioni, sauti za wazee zikipita moja moja. Hamtaki? Ndiyo. Haitawafaa? Ndiyo. Hamtaweza? Ndiyo. Alipoiondoa sikioni uso wake ulikuwa umepauka. Kila aliyemwandika kuwa amekubali alikuwa amekataa, mtaa mzima. Na kabla ya Vatudamu alikuwa amepita mitaa mingine mingi na maswali yale yale.

Kupigana na mwongo ni rahisi. Unamshika shati, watu wanakushangilia, mnarudi nyumbani mmeshinda. Lakini kuna ofisi ambazo hazidanganyi hata kidogo. Zinauliza tu kwa namna yao, zinaandika kwa namna yao, halafu maisha ya watu yanapangwa juu ya hapo, na kila mtu ana dhamiri safi. Utamshika nani shati?

Hallam alisimama, akasema amekosea, akaomba radhi kwa kila mtu. Kisha akaomba jambo moja: Mama Unaisi aulizwe upya, lakini safari hii asiulizwe kitu, aseme tu mwenyewe.

Unaisi alisimama. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuitikia alikujua, alikuwa ameitikia kwa muda mrefu. Kuanza sentensi yake mwenyewe, bila mtu kumpa ncha ya kushika, kulimchukua muda mpaka watu wakaanza kukohoa. Alitazama mikono yake. Ilikuwa inanuka dawa ya vidonda, hata siku zisizo za kliniki.

"Mume wangu amebakiwa na mguu mmoja," alisema. "Hausikii. Akiukanyagia msumari pale stendi hatajua, na mimi sitajua mpaka jioni. Akianguka siwezi kumwinua kwenye maji ya mvua. Tukikosa siku, wanaukata. Sitaweza."

Alisema kwa sauti ile ile ambayo angetumia kuagiza chumvi. Akakaa. Alishangaa kidogo kuona wanawake wa kwaya wanajifuta macho, kama mtu anayetazama mvua ikinyesha upande wa pili wa barabara.

Aliyesimama baada yake alikuwa Semisi. Alisema hawezi kushindana na hayo. Asubuhi, basi lipande mlimani lenyewe, na lile basi dogo lifutwe kulipia mafuta. Yeye atatoka nyumbani mapema kidogo, hatakufa. Ila mchana na jioni liishie sokoni, maana naye ana watoto anaotaka kuwaona kabla hawajalala. Lilikuwa neno la haki, na lilitoka kwa mtu aliyelazimika kumeza kitu ili aliseme. Ukumbi ulilipokea kwa makofi mazito, yale ya kupokelea kava. Hallam alisema hilo anaweza kulipigania ofisini na atalipigania. Waisale akainua mikono kama refa. Birika likarudishwa kweli, ikaja keki ya mhogo, watu wakaanza kutaniana, na katika furaha ile ya watu waliopatana hakuna hata mmoja aliyekumbuka kumuuliza Unaisi kliniki huisha saa ngapi.

Naye hakusema. Alikuwa amesema sentensi zake, zimekwisha. Alipewa kipande cha keki, akala nusu, nusu akamfungia Apenisa kwenye kitambaa.

Ni Sashi aliyestuka, wakiwa njiani kurudi, karibu na kona ya duka.

"Ngoja kwanza. Kwenda mtapanda. Kurudi?"

"Tutashuka."

"Na nini?"

Sashi alitaka kugeuka pale pale akamtoe Waisale kwenye keki yake, lakini Unaisi alimshika mkono, akamwambia waache, basi la asubuhi ndilo linalowafikisha kwenye bandeji, hilo linatosha. Sashi alimwambia kuwa neno inatosha ndilo limewaua watu wengi kuliko kisukari. Alilisema kwa hasira, akajuta, akambebea ule mzigo wa keki mpaka nyumbani.

Hallam alitimiza ahadi. Ofisi ilikubali: laini ya Mlimani ingepanda asubuhi tu, bila basi dogo. Mitaa mingine, ile iliyojibu ndiyo bila kuwa na Waisale wa kupiga simu, ilichukua muda mrefu zaidi, na mingine bado inasubiri hadi leo.

Siku ya kwanza ya njia mpya mvua haikunyesha. Basi lilipanda likiwa limejaa wagonjwa, turubai za madirishani zimekunjwa, dereva kijana akimwamkia Apenisa kwa cheo cha zamani, mkuu wa mlima. Sista Losena alifungua bandeji, akainamia kisigino, akakitazama kwa muda. Kingo zilikuwa zinasogeleana. Nyama ilikuwa nyekundu, safi. Alisema wakiendelea hivi mguu huu mgonjwa atazikwa nao siku moja, na Apenisa akamwambia kuwa ule mwingine umechoka kusubiri peke yake. Losena akamfunga upya, taratibu, tabaka juu ya tabaka. Unaisi alishika mkasi.

Walipotoka getini, jua lilikuwa la utosi. Pale ambapo basi lilizoea kusimama palikuwa na kibao kipya na kivuli cha nguzo. Barabara iliteremka mbele yao, yenye kona, kuelekea sokoni na bahari. Kwa mtu wa magongo kuteremka ni kugumu kuliko kupanda. Mwili wote unataka kutangulia.

"Tuna miguu mitatu," alisema Apenisa. "Kuna magari yanatembelea tairi tatu."

Walianza. Unaisi alitangulia hatua moja, mgongo wake mbele ya kifua cha mumewe, ili akiteleza aangukie juu yake. Alikuwa ameifikiria mbinu hiyo usiku, kama alivyofikiria mbinu zote. Magari yalipita. Mwanafunzi mmoja aliwapisha akaingia kwenye nyasi. Uzito wa Apenisa ulikuwa unamjia begani, unaondoka, unamjia tena, na jasho lake lilimchuruzikia Unaisi shingoni. Mumewe alikuwa anamweleza kuhusu kona ile, jinsi alivyozoea kuikata na gia ya pili, hata na abiria mlangoni.

Kwenye ukuta mfupi wa mawe, walipofika katikati, Unaisi alisimama.

"Twende, mke wangu. Watu wanatutazama."

Alikaa kwenye ukuta. Hakuwa ameamua kukaa. Aliweka mikono mapajani, viganja juu.

"Nimechoka," alisema.

Apenisa alibaki ameegemea magongo. Alijaribu kukumbuka lini alilisikia neno hilo kinywani mwa mkewe, akashindwa. Alifungua mdomo aingize mzaha, akaufunga. Kisha kwa shida nyingi, bila msaada, akijishikilia kwenye jiwe kwa mkono mmoja huku gongo moja likimponyoka na kubingirika hadi kwenye mtaro, alishuka mpaka akakaa kando yake. Ilimchukua muda mrefu. Unaisi alimtazama akihangaika, na kwa mara ya kwanza hakunyoosha mkono.

"Basi tungoje," alisema Apenisa.

"Tungoje nini? Mchana hakuna basi."

"Tungoje tu."

Unaisi alitazama lile gongo mtaroni. Ilibidi mtu ashuke kulichukua, na mtu huyo alikuwa yeye. Hakuinuka. Jua lilimchoma juu ya miguu, naye alilisikia, hivyo tu, joto juu ya ngozi, na hakujua kama hilo ni jambo au si jambo. Chini yao, mbali, basi la Vatudamu lilikuwa linageuka pale stendi kurudi mtaani.